Karabai Inapokataa Kuwaka

Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Victoria miaka ya 1950 hatukuanza kwa kuijua balbu ya umeme; tuliijua karabai. Ilining'inia dukani, ilitangulia kwenye harusi na kwenye misiba, na katika usiku wa kiza ilionekana ziwani imejipanga mistari kwa mistari mfano wa mji unaoelea juu ya maji. Mgeni aliyefika Mwanza usiku kwa mara ya kwanza aliuliza ule ni mji gani ng'ambo, naye akaambiwa kwamba pale hapana mji, ni watu wanavua dagaa.

Katika kurasa hizi nataka kuzungumza juu ya jambo dogo kuhusu chombo hicho, yaani mtu afanye nini kinapokataa kuwaka. Msomaji anaweza kuuliza mzee wa miaka sabini na mitano, aliyetumia maisha yake kuwafundisha walimu, anatafuta nini kwenye taa za mafuta. Nitajibu kwamba nimewaona watu wenye vyeti vizuri wakishindwa nayo, nimewaona wasiojua kusoma wakiiweza, na mara moja nimeona taa moja ikikaribia kumla kijana mshahara wake wa mwezi.

Kwanza yafaa tuelewane karabai ni kitu gani. Karabai ni jiko lililovikwa kioo. Jina tumelirithi kutoka kwa taa za zamani zaidi, zilizowaka kwa gesi itokayo kwenye kabaidi ikidondoshewa maji, lakini hii tunayoijua sisi haina kabaidi ndani yake. Ndugu yake wa tumbo moja ni lile jiko la pampu tuliloliita Primus, lililobuniwa na Frans Wilhelm Lindqvist huko Stockholm, Uswidi, mwaka 1892. Jiko hilo Roald Amundsen alikwenda nalo hadi Ncha ya Kusini mwaka 1911, wapanda mlima wa Everest walikuwa nalo mwaka 1953, nalo limechemsha chai ya walimu wengi wa Tanzania waliopangwa katika shule za mbali na kuni. Karabai ina tangi lile lile, pampu ile ile, na kitundu kile kile. Imezidi kwa kioo na utambi tu. Utambi wenyewe ni kazi ya Carl Auer von Welsbach wa Austria, mwaka 1885: kifuko cha uzi kilichochovywa katika chumvi za madini adimu. Kikiungua mara ya kwanza uzi huteketea, hubaki majivu meupe yaliyoshikana, na majivu hayo ndiyo yanayong'aa. Ukiyagusa kwa kidole yanaporomoka.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mafuta ya taa hayawaki ndani ya karabai yakiwa majimaji. Upepo uliosukumwa kwa pampu huyapandisha kwenye bomba jembamba. Bomba likiwa la moto, mafuta hugeuka kuwa mvuke, mvuke hutoka kwa nguvu kwenye kitundu kidogo kuliko tundu la sindano ya kushonea, huvuta hewa njiani, ukachanganyika nayo, kisha ndio ukawaka kwenye utambi. Taa ikishawaka hujipashia bomba lake yenyewe. Lakini mwanzo haiwezi. Mwanzo lazima mtu alipashe bomba kwa moto wa spiriti uliowekwa kwenye kikombe kidogo chini yake, naye asubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo panapowashinda watu.

Nilijifunza haya Ukerewe. Mwalimu Nyerere alikuwa ameitaja Ukerewe kuwa mojawapo ya wilaya sita zilizotakiwa kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha, na Mwanza penyewe palikuwa na mradi mkubwa wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO tangu mwaka 1968. Mimi nilikuwa mwalimu kijana niliyetoka chuoni juzi. Mchana nilifundisha watoto, jioni watu wazima. Wakulima walitoka kwenye pamba na mihogo saa kumi na mbili, wamechoka, wakaketi kwenye madawati waliyoyazidi kimo, na darasa zima lilitegemea karabai moja. Ikikataa kuwaka, akina mama walikaa gizani robo saa kwa adabu, kisha mmoja akasema, "Mwanangu Mwalimu, tuachie, watoto hawajala." Wakaondoka. Na mtu mzima aliyeondoka gizani mara mbili, mara ya tatu haji.

Kwa hiyo nililazimika kuijua ile taa kama nilivyomjua mwanafunzi. Aliyenifundisha hakuwa fundi. Alikuwa mzee mmoja mvuvi, mwanafunzi wangu katika darasa lile lile, aliyekuwa akihangaika na herufi. Siku moja alinitazama nikisukuma pampu kwa hasira, akacheka, akaniambia, "Mwalimu, usiipige. Iulize." Nikamwuliza, taa huulizwaje? Akasema, "Tafuta ilipofikia."

Maana yake ilikuwa hivi. Taa haifi yote kwa pamoja. Ina safari kutoka kwenye tangi hadi kwenye utambi, na imekwama mahali pamoja katika safari hiyo. Ukijua kituo cha mwisho ilichopita salama, ubovu uko hatua moja mbele yake, na huna haja ya kugusa kitu kingine chochote. Ukisukuma pampu na mkono usisikie ukinzani, basi upepo hauingii: ile ngozi ya duara iliyo ndani ya pampu imekauka. Itoe, ilainishe kwa matone ya mafuta, itanue kidogo kwa vidole, irudishe. Upepo ukiingia na mshale wa kipimo ukapanda kisha ukashuka wenyewe, pana mahali panapovuja. Pitisha povu la sabuni kwenye viungio utaona linavimba. Mshale ukisimama imara na bado hakuna kitu kinachotoka juu, mafuta yamezuiwa, ama na masizi ndani ya bomba ama na uchafu kwenye kitundu. Taa ikiwaka na kukohoa, ikafifia na kurudi, mimina mafuta kidogo kwenye glasi uyaache yatulie. Mara nyingi utakuta maji yamekaa chini, kwani pipa la dukani hukaa nje wakati wa masika. Na ikitapika moto mrefu wa njano unaolamba kioo, hapo mafuta yanafika yakiwa bado majimaji: bomba halijapata moto wa kutosha. Mtu asiyeelewa, anapouona moto huo, huongeza pampu. Anaongeza upepo kwenye taa ambayo shida yake ni ubaridi, na taa inazidi kutapika. Dawa ni kufungulia upepo utoke, kuiacha ipoe, na kuanza tena na spiriti, tena mahali pasipo na upepo. Jioni kandokando ya ziwa kuna upepo unaopora moto wa spiriti kabla haujafanya kazi yake, na nimewaona wavuvi wengi wakikikinga kikombe kwa kipande cha bati na mgongo wa mwenzao.

Liko jambo moja ambalo sitaki msomaji alisome kwa haraka. Petroli haiingii kwenye karabai, wala kwenye jiko la pampu, wala kidogo, wala "ya kuamshia tu". Petroli hugeuka mvuke bila hata kupashwa, na ndani ya tangi lenye upepo, karibu na moto, inageuka bomu. Jirani yangu mmoja alimimina nusu kikombe katika mafuta yake ili taa iwake upesi. Aliishi, lakini uso wake watoto wake wadogo waliuzoea upya.

Utaratibu ule wa mzee wa Ukerewe nilikwenda nao mbali kuliko nilivyotarajia. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu tulikuwa na mwanachuo mmoja ambaye wakufunzi walikubaliana, kabla hata ya mazoezi ya kufundisha kwisha, kwamba hafai. Walisema ni mzito, neno lile lile la fundi anayesema taa imekufa. Nilikwenda kukaa nyuma ya darasa lake. Maandalio yake yalikuwa safi. Aliingia kwa wakati, akaanza vizuri, akaenda vizuri dakika kumi na tano. Watoto walipoanza kuuliza maswali ndipo alipoharibika: akajibu yasiyoulizwa, akakasirika, akageukia ubao. Basi kituo cha mwisho kilichopita salama kilikuwa maelezo, na kilichofuata kilikuwa maswali. Nilimwita ofisini nikamsemesha kutoka upande wa kushoto, kisha kutoka upande wa kulia. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii kabisa, naye alikuwa amelificha jambo hilo tangu shule ya msingi. Tulimwelekeza asimame kona ya kushoto ya darasa, watoto wote wawe upande wake wa kulia, na kila anayeuliza asimame kwanza. Alifaulu kwa alama za kawaida, akafundisha miaka mingi.

Sasa nije kwenye ile karabai iliyokaribia kumla kijana mshahara.

Ilikuwa mwaka 2012, miaka miwili baada ya kustaafu kwangu. Nilikuwa nimekwenda kwenye mwalo mmoja kaskazini ya mji wa Mwanza, upande wa Igombe, kununua dagaa wa nyumbani. Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu jioni, mwezi umekwisha, na msomaji asiyekaa ziwani afahamu kwamba siku za kiza ndizo siku za kazi. Dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina maana, na watu hukaa ufukweni wakishona nyavu. Kwa hiyo kila usiku wa kiza unaopotea umepotea kwa wote: kwa tajiri mwenye mtumbwi, kwa vijana wanaovuta wavu, kwa mama anayesubiri alfajiri na ndoo zake ili aanike mchangani, hadi kwa mchuuzi wa Mwaloni Kirumba.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Mwaka uliotangulia, 2011, Serikali ilikuwa imepandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa njema kwa wenye magari. Mvuvi wa dagaa, ambaye hana gari, alijikuta ananunua mwanga kwa bei ya dizeli. Karabai moja inakunywa kama lita moja kwa usiku, na mtumbwi mmoja una taa kadhaa, kila moja juu ya chelezo chake. Gharama za mafuta hutolewa kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe baina ya tajiri na wavuvi. Mafuta yakipanda, kinachobaki ni kidogo, na watu wanaogawana kidogo hutazamana vibaya.

Nilikuta kundi la watu limezunguka taa. Kijana wa miaka kumi na tisa hivi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasha na kutunza taa za mtumbwi ule, alikuwa amepiga magoti mchangani, mikono myeusi. Tajiri alikuwa amesimama juu yake. Nilimwamkia tajiri, akaitikia huku akiendelea na maneno yake.

"Mwalimu, huyu ameniulia taa. Amepampu mpaka ameiua. Nitakata kwenye mgawo wake wa kiza hiki chote."

"Shikamoo, Mwalimu," alisema kijana, bila kuinua uso.

"Marahaba, mwanangu. Umefikia wapi?"

Akaniambia taa inatapika moto wa njano. Nikamwomba tajiri ruhusa ya kuitazama, maana mali ni yake. Akasema tazama.

Tulikwenda kituo kwa kituo. Pampu ilikuwa na nguvu. Mshale ulisimama bila kushuka. Mafuta niliyamimina kwenye chupa ya soda, yakatulia, hayakuwa na maji. Bomba lilikuwa jeusi tii, na nilipouliza nikaambiwa kwamba spiriti ilikwisha wiki iliyopita, hivyo wanapasha kwa kitambaa kilicholowekwa mafuta ya taa. Hapo nilidhani tumefika, kwa kuwa kitambaa cha namna hiyo hutoa masizi mengi kuliko moto. Nilimtuma mtoto akanunua spiriti. Tukaikinga taa kwa bati, tukapasha kikombe kimoja, tukaongeza cha pili, tukasubiri. Kijana akafungulia.

Moto wa njano, mrefu vile vile. Utambi ukaingia masizi.

Watu wakaguna, tajiri akageuka kuondoka. Lakini taa ilikuwa imekwisha kutuambia jambo. Bomba lilikuwa la moto sasa, hilo lilikuwa wazi. Mafuta yalikuwa yanafika, tena mengi, kwa hiyo hakukuwa na kuziba. Kilichobaki ni kwamba yanafika mengi kuliko hewa inayovutwa. Na kipimo cha mafuta katika karabai ni kitu kimoja tu, kile kitundu. Tulitoa upepo, tukaacha taa ipoe, kijana akaomba spana. Spana ilikuwa mfukoni mwa tajiri.

Nilikifungua kile kipande chenye kitundu, na nikaomba kingine kutoka kwenye taa nzima. Jua lilikuwa linakaribia maji. Nilishika vyote viwili kuelekea juani, nikatazama, kisha nikampa mzee mmoja wa pale atazame, naye akampa mwenzake. Kimoja kilionyesha nukta ya mwanga, ndogo, ya duara. Kingine kilionyesha mwanga mkubwa zaidi, tena wenye pembe, kama jicho la paka. Havikuhitaji maelezo. Kitundu kile kilikuwa kimezibuliwa kwa kitu kinene, kikatanuka. Kitundu kilichotanuka hakirudi, na huwezi kukitibu kwa pampu wala kwa spiriti. Tena sindano yake maalumu ya kuzibulia ipo ndani ya taa yenyewe, huenda juu na chini ukizungusha mpini. Aliyeona haitoshi akaongeza waya wake.

Sikuuliza nani. Nilirudisha spana kwa mwenyewe. Kijana alisema kwa sauti ndogo, bila ukaidi, kwamba yeye hajawahi kuifungua taa hata siku moja, hana spana.

Palikuwa kimya kidogo. Kisha tajiri akasema, "Nilizibua mimi juzi. Kwa waya wa breki ya baiskeli."

Kipande kizima kilipatikana kwenye taa mbovu ya jirani, kwa ahadi ya ndoo moja ya dagaa. Tulikifunga, tukapasha, tukasubiri, tukaweka utambi mpya. Mwanga ulikuja mweupe, na ule mvumo wake wa utaratibu ambao mtu akishauzoea anaweza kulala nao. Mitumbwi ilitoka saa moja na kitu, imechelewa lakini imetoka. Habari ya kukata mgawo haikutajwa tena, wala tajiri hakumwomba kijana radhi. Wazee niliowasimulia waliniambia kwamba kwa mtu wa umri wake, kuliacha jambo lisitajwe ndiyo radhi yenyewe. Mimi sikubaliani nao. Alimshtaki mbele ya watu. Angetamka mbele ya watu.

Siku hizi karabai zimepungua sana ziwani. Taa ndogo za umeme za betri, zinazochajiwa kwa jua, zimechukua mahali pake. Upande wa Kenya, kule Mbita, kampuni ya Osram ilifungua kituo cha kuchajia taa za wavuvi mapema mwaka 2008, na baadaye taa za namna hiyo zikaenea mialo mingi kwa njia za biashara ya kawaida. Sizililii karabai. Zilikula fedha, ziliunguza mikono, na upepo wa usiku ulivunja vioo vyake. Ya kwangu ninayo bado stoo, na kila baada ya miezi kadhaa naitoa ile ngozi ya pampu naipaka mafuta isikauke, kwa sababu umeme wa mjini nao hukatika.

Yule kijana ni mtu mzima sasa, ana mtumbwi wake na watoto watatu, na hunipigia simu sikukuu zikifika. Mwaka jana alinipigia siku isiyo ya sikukuu, jioni, upepo ukisikika nyuma ya sauti yake. Taa mpya, alisema, imekataa kuwaka, na fundi wa mwaloni anataka kumwuzia betri nyingine.

"Betri ulichaji?"

"Nilichaji, Mwalimu. Nimeipachika kwenye taa ya mwenzangu, inawaka."

"Basi betri iache."

Akanyamaza kidogo. Nikamsikia akimwambia mtu amshikie tochi. Kisha akasema anaanza na waya, pale unapoingia kwenye kichwa cha taa, maana anaona kuna kutu ya kijani.